Mwongozo kamili wa kusoma maneno ya "oligo-" bila kukremu moja moja

Watu wengi nimewaona wanachemka palepale. Wanajua kabisa oligo- maana yake ni "chache", hata ukiwaamsha usiku watakujibu, lakini ukiwapa oligospermia wanasema manii kidogo, ukiwapa oligomenorea wanasema hedhi nyepesi, ukiwapa oligodendrositi wanasema seli chache, na zote tatu wamekosa. Sio kwamba hawana kumbukumbu. "Chache" ni nusu tu ya jibu, nusu nyingine ni chache NINI na chache kulinganisha na nini, na hiyo nusu ya pili mara nyingi hufundishwi, unapewa orodha ndefu alafu unaambiwa kariri.

Mambo ya Wagiriki walikuwa wanasemaje tunayaruka. Tunaenda kwenye kazi.

## Andaa hivi vitu kwanza

- Karatasi ngumu iliyokatwa vipande kama 20 vya ukubwa wa kiganja. Apu ya kadi kwenye simu inafaa pia ila kuandika kwa mkono kunashika zaidi, hiyo ni kwa uzoefu wangu.
- Kalamu za rangi mbili. Moja ya oligo-, nyingine ya kinachofuata.
- Kamusi yoyote ya tiba au biolojia unayoiamini, ya kuhakiki jibu mwishoni tu. Ukianza na kamusi hujajifunza kitu.
- Orodha ya maneno yako mwenyewe, yale yanayokusumbua. Kama huna, chukua haya: oliguria, oligomenorea, oligospermia, oligohidramniosi, oligodontia, oligoathritisi, oligosakaridi, oligonukleotidi, oligodendrositi, oligotrofiki, oligoketi, Oligosini, oligopoli.
- Saa moja hivi bila kelele.

Angalizo dogo kuhusu tahajia: kwenye vitabu haya maneno utayakuta na h na y na ph za kizungu zimejazana. Usitishike, soma sauti, mizizi ni ileile.

## Hatua ya 1: Kata neno mahali sahihi

Andika neno, weka mstari wima baada ya kiambishi. Oligo/sakaridi. Oligo/dontia. Rahisi.

Sasa ugumu unakuja pale kinachofuata kinaanza na irabu. Hapo mara nyingi ile o ya mwisho inamezwa, inabaki olig- tu. Ndo maana tunasema oliguria na sio oligouria, yaani olig/uria, "uria" ikiwa mkojo. Oligarkia nayo hivyohivyo, olig/arkia, utawala wa wachache. Oligemia, olig/emia, damu pungufu. Ukikata "oligu/ria" au "oliga/rkia" utabaki na kipande ambacho hakipo kwenye kamusi yoyote na utadhani wewe ndo mjinga. Lakini sio sheria ya chuma, oligoathritisi imebaki na o yake mbele ya irabu, kwahiyo jaribu njia zote mbili kabla hujakata tamaa.

Tahadhari. Kuna mtego kwenye oligopoli. Watu wanakata oligo/poli alafu wanasema "poli ni nyingi, sasa chache-nyingi maana yake nini?" Hiyo poli sio ile ya poligamia. Ni neno jingine kabisa la Kigiriki, la kuuza. Oligopoli ni soko lenye wauzaji wachache, kama ambavyo monopoli ni soko la muuzaji mmoja. Sauti zimefanana tu, basi.

Tahadhari nyingine: oleo- sio oligo-. Oleo- ni mafuta. Ukisoma haraka haraka macho yanakudanganya.

*Umefaulu kama:* kila neno kwenye orodha limegawanyika na kipande cha pili unaweza kukitamka peke yake bila kujing'ata.

## Hatua ya 2: Anza kusoma mkia

Hii watu hawaipendi lakini ndo inayookoa. Kabla hujasema "chache", sema kwanza neno linahusu kitu gani, na kitu hicho kimekaa upande wa kulia.

Mizizi ya kutosha kuanzia:

- -uria: mkojo
- men- na -rea: mwezi, na kutiririka
- hidr- na amnio: maji, na mfuko anaokaa mtoto tumboni
- -dontia: meno
- athr-: kiungo cha mwili, na -itisi ni uvimbe wa ndani wenye joto na maumivu
- dendro-: mti, au matawi
- -siti: seli
- -trofi-: lishe
- -sakaridi: sukari
- -keti: unywele
- -daktili-: kidole
- -meri: sehemu, kipande

Kwanini mkia kwanza? Kwasababu ukianza na "chache" akili inajaza yenyewe kitu cha karibu, na kitu cha karibu huwa sio chenyewe. Ukianza na mkia unajifunga kwanza kwenye mada: tunaongelea mkojo, tunaongelea meno, tunaongelea sukari. Baada ya hapo uchache unajua pa kukaa.

*Umefaulu kama:* ukifunika oligo- kwa kidole bado unaweza kusema sentensi moja ya kile kinachobaki.

## Hatua ya 3: Uliza "chache kwa namna gani?"

Hapa ndo penyewe. Ukiruka hatua zote usiruke hii.

Kiswahili chetu kinatofautisha vizuri sana: watu wachache, maji kidogo, anakuja mara chache. Idadi, kiasi, marudio. Kigiriki cha kwenye vitabu vya tiba kinazibeba zote tatu kwa oligo- moja. Kwahiyo kila neno unalolikuta lazima uliulize ni ipi kati ya hizo tatu.

Oliguria ni kiasi. Sio kwamba mtu anaenda chooni mara chache. Mtu anaweza kwenda mara kumi na bado akawa na oliguria kama kila safari ni matone. Kinachopimwa ni ujazo: kwa mtu mzima, chini ya mililita 400 kwa saa 24, au wodini wanahesabu chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa kila saa. Mtu wa kilo 60 basi tunategemea angalau mililita 30 kila saa. (Na nje kidogo ya somo: mkojo ukipungua ghafla hivyo sio jambo la kuchezea kadi za kujisomea, ni la kwenda hospitali.)

Oligomenorea ni marudio. Hedhi inakuja kwa nadra, mzunguko umerefuka. Vitabu vingi vinaanzia zaidi ya siku 35, wengine wanasema hedhi chini ya 9 kwa mwaka, na FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake, linaweka zaidi ya siku 38. Damu yenyewe ikija inaweza ikawa nyingi tu. Ikiwa hedhi inakuja kwa wakati wake ila ni kidogo, hiyo inaitwa hipomenorea, neno jingine kabisa.

Oligospermia ni idadi. Mbegu chache ndani ya kila mililita ya manii. Mwongozo wa WHO wa 2021 unaweka kiwango cha chini cha kawaida kuwa milioni 16 kwa mililita, ule wa 2010 ulikuwa milioni 15. Manii yenyewe inaweza ikawa ya kutosha kabisa kwa ujazo. Ujazo ukiwa mdogo ndo hipospermia, na hapo mwongozo uleule wa 2021 unataja mililita 1.4. Mimi hili nililikosa kwenye mtihani, nikaandika kwa kujiamini kabisa "manii kidogo", msahihishaji akachora mstari mwekundu akaandika pembeni neno moja tu, "idadi". Nimelikumbuka mpaka leo.

Ona basi, maneno matatu, yote ya mfumo uleule wa uzazi na mkojo, na kila moja lina uchache wake. Ndo maana kukremu hakukusaidii, maana ukikremu unaweka "chache" kote na ubongo unaridhika.

Kwenye kila kadi andika kwa herufi kubwa moja kati ya hizi: IDADI, KIASI, MARA. Ukishindwa kuchagua ndo wakati wa kufungua kamusi, sio kabla.

Oligohidramniosi weka KIASI, ni maji ya kwenye mfuko wa uzazi kuwa pungufu. Oligodontia IDADI. Oligoathritisi IDADI, viungo vichache vimeshikwa, na haisemi chochote kuhusu maumivu kuwa madogo! Viwili vinaweza kuuma kuliko kumi.

*Umefaulu kama:* unaweza kueleza tofauti ya oligomenorea na hipomenorea kwa mtu asiyesoma mambo ya afya naye akaelewa.

## Hatua ya 4: Weka neno kwenye ngazi

Oligo- haikai peke yake hewani. Chini yake mara nyingi kuna "hakuna kabisa" (a- au an-), juu yake kuna "nyingi" (poli-). Ukijua neno moja kwenye ngazi umepata mengine bure.

Chora mstari wa wima kwenye kila kadi na ujaze:

Mkojo: anuria, oliguria, kawaida, poliuria. Poliuria kwa mtu mzima ni zaidi ya lita 3 kwa siku. Anuria kwa jina ni "hakuna mkojo", lakini kwa vitendo madaktari wanaita anuria hata mkojo ukiwepo, mradi ni chini ya mililita 100 kwa siku. Usishangae basi ukikuta mgonjwa wa "anuria" ana kijikojo kwenye mfuko.

Hedhi: amenorea, oligomenorea, kawaida, polimenorea (ile inayokuja haraka, chini ya siku 21).

Mbegu: azospermia, oligospermia, kawaida.

Maji ya uzazi: oligohidramniosi, kawaida, polihidramniosi. Kwenye altrasaundi wanagawa tumbo robo nne, wanapima kina cha maji kila robo, wanajumlisha. Jumla ya sentimita 5 kushuka chini ni oligo-. Njia nyingine wanapima mfuko mmoja ulio na kina kuliko yote: chini ya sentimita 2 ni oligo-, juu ya 8 ni poli-.

Meno: anodontia hakuna hata moja, oligodontia yamekosekana 6 au zaidi, hipodontia yamekosekana 1 mpaka 5, na meno ya mwisho kabisa yale ya hekima hayahesabiwi. Hapa ngazi inawachanganya watu kwasababu hipo- iko karibu na kawaida kuliko oligo-, wakati wengi wanadhani hipo- ndo mbaya zaidi. Hapana. Jiulize mdomoni yamebaki mangapi: mwenye oligodontia ndo amebaki na meno machache zaidi.

Viungo: kwa watoto wenye uvimbe wa viungo wa muda mrefu, viungo 1 mpaka 4 ndani ya miezi 6 ya mwanzo ni oligoathritisi, kuanzia 5 ni poliathritisi. Mpaka uko hapo kati ya 4 na 5.

Kwenye kemia ngazi inabadilika sura. Huko chini hakuna "hakuna", kuna mono- na di-. Sukari moja ni monosakaridi, mbili ni disakaridi, chache ni oligosakaridi, kwa kawaida 3 mpaka 10, na mamia au maelfu ni polisakaridi kama wanga. Rafinosi ina sukari 3, stakiosi ina 4, zote zimo kwenye maharage na ndo zinazosababisha tumbo kujaa gesi, maana utumbo wetu mdogo hauna kimeng'enya cha kuzivunja, zinafika kwa bakteria wa utumbo mpana zikiwa nzima, wao wanasherehekea.

Oligonukleotidi ni kipande kifupi cha DNA au RNA. Vile vianzishi vinavyotumika kwenye PCR (njia ya maabara ya kunakili DNA) kwa kawaida ni herufi, yaani vijenzi vidogo vya DNA, 18 mpaka 25 hivi, na DNA ya binadamu ina herufi kama bilioni 3, kwahiyo 20 ni chache kweli. Ila 20 hiyohiyo ingekuwa oligosakaridi wengi wangesema imezidi.

Tahadhari. Umeshaona basi kwamba "chache" haina namba moja. Ni 4 kwenye viungo, 10 kwenye sukari, 25 kwenye DNA na chini ya milioni 16 kwa mililita kwenye mbegu za kiume. Ukibeba namba ya neno moja kwenda kwa jingine umeharibu kila kitu. Namba iandike nyuma ya kadi, upande wa mbele weka ngazi tu.

*Umefaulu kama:* ukipewa poliuria unaweza kurudi nyuma mpaka anuria bila kuangalia.

## Hatua ya 5: Shughulikia yale yanayoruka mstari

Kuna maneno ambayo oligo- haihesabu kile neno zima linachokitaja. Inahesabu sehemu yake tu, ile inayofuata moja kwa moja.

Oligodendrositi kata mara mbili: oligo/dendro/siti. Chache-matawi-seli. Oligo- imeshika dendro, haijashika siti. Ni seli yenye matawi machache, na kwa wingi ziko tele kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kazi yake ni kuzungushia nyuzi za neva ile ala ya mafuta inayoitwa miyelini, na seli moja inaweza kuhudumia nyuzi nyingi, mpaka 50 hivi. Jina alilitoa Mhispania Pío del Río Hortega mwaka 1921, alivyoziangalia kwenye hadubini akaona zina matawi machache kuliko jirani zake.

Oligoketi: wanyama wenye vinywele vichache, nyungunyungu wakiwemo. Wenyewe sio wachache hata kidogo, chimba udongo wenye rutuba uone. Ndugu zao wa baharini wenye vinywele vingi ni poliketi.

Oligotrofiki: ziwa au bahari yenye virutubisho vichache. Hapa watu wanasema "maji maskini, machafu", kumbe kinyume chake. Virutubisho vikiwa vichache mwani haustawi, maji yanakuwa maangavu unaona mbali chini, na oksijeni inafika hadi kwenye kina. Ziwa Baikal ni mfano unaotajwa sana. Ziwa lililojaa mbolea na mwani wa kijani ni yutrofiki, na hapo ngazi imekataa kutumia poli-, inatumia yu- yenye maana ya nzuri, ingawa kwa samaki wanaokosa hewa sio nzuri kivile.

Oligosini, kipindi cha miamba cha kati ya miaka milioni 33.9 na milioni 23 iliyopita: chache-mpya. Mwanajiolojia Mjerumani Beyrich alikipa jina hilo 1854, akimaanisha kwamba moluska za aina zinazoishi mpaka sasa ni chache kwenye miamba hiyo. Ukisema "kipindi chenye mambo machache mapya" umekaribia lakini hujafika.

Kanuni ni hiyo moja: oligo- inashika mkono wa jirani yake wa kulia, haimrukii.

*Umefaulu kama:* unaweza kuonyesha kwa mshale, kwenye kila neno, oligo- imeshika kipande gani.

## Hatua ya 6: Tenga ndugu wanaofanana

Fupi tu hii. Hipo- ni chini ya kiwango au upungufu. Mikro- ni udogo wa umbo, sio uchache. Pausi- ni Kilatini, maana yake ileile ya oligo-, ndo maana vitabu vya zamani vinaita ile oligoathritisi ya watoto kwa jina linaloanza na pausi-, na ukoma wenye mabaka 1 mpaka 5 unaitwa pausibasilari. Ukikutana na pausi- tumia hatua zilezile.

## Hatua ya 7: Jipime na maneno usiyoyajua

Chukua haya manne, usifungue kamusi, pita hatua 1 mpaka 5 kwa kila moja: oligodaktilia, oligofagia ya wadudu, mistari ya oligoklonali, oligometastasisi.

Majibu. Oligodaktilia: vidole pungufu ya idadi ya kawaida, IDADI, na ndugu yake juu ni polidaktilia. Oligofagia: "fagia" hapa ni kula, na mtego ni kudhani mdudu anakula kidogo, kumbe anakula aina chache za mimea na hizo chache anaweza kuzimaliza shamba zima. Oligoklonali: mistari inayotokana na kingamwili za nasaba chache za seli, wanaitafuta kwenye maji ya uti wa mgongo wanapochunguza multipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu ile miyelini ya neva. Oligometastasisi: saratani iliyosambaa sehemu chache tu, mara nyingi wanachukulia mpaka 5.

Ukipata matatu uko vizuri. Ukikosa oligofagia usijilaumu, wengi wanaikosa, rudi hatua ya 3 uongeze neno la nne kwenye kadi zako baada ya IDADI, KIASI na MARA: AINA.